Choo cha Umma Kisiwa Panza: Heshima ya Mwenyeji Kabla ya Starehe ya Mgeni



Wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai. Methali hiyo yafaa iwe ufunguzi wa mazungumzo haya, kwa kuwa jambo linalozungumzwa ni lile ambalo watu wengi huona haya kulitaja hadharani, nalo ni choo. Katika mikutano ya maendeleo barabara hutajwa, skuli hutajwa, gati hutajwa, umeme na maji hutajwa. Choo aghalabu hutajwa mwisho, tena kwa sauti ya chini, na fedha zinapopungua huwa ndicho cha kwanza kufutwa katika orodha. Hali hakuna mwanadamu, awe waziri au mvuvi, mgeni au mwenyeji, awezaye kuishi siku moja pasipo haja hiyo.

Kisiwa Panza kipo kusini mwa Pemba, katika Wilaya ya Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba. Msafiri hukifikia kwa chombo, akivuka maji kutoka upande wa Chokocho. Ni kisiwa cha wavuvi na wakulima, chenye mikoko kandoni mwake. Katika miaka ya karibuni kimetajwa sana kwa sababu ya maji ya chumvi kuingia mashambani, jambo lililowafanya wananchi wajitolee kupanda mikoko ili kuizuia bahari. Mwezi wa Machi 2024 kilitajwa tena kwa msiba mkubwa: watu 9, ambao 8 kati yao walikuwa watoto, walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Msiba huo haukuhusu choo. Lakini ulikumbusha jambo moja zito, kwamba kwa mkazi wa kisiwa kidogo, kati ya mgonjwa na hospitali kuna bahari. Maradhi ambayo mjini huwahiwa kwa gari, huku hungojea chombo, maji na upepo. Kwa hiyo mahali kama hapa usemi wa kwamba kinga ni bora kuliko tiba si pambo la hotuba. Kinga ndiyo tiba iliyo karibu.

Wakati huohuo utalii unakaribia. Wageni walioingia Zanzibar walizidi 600,000 katika mwaka 2023, na katika mwaka 2024 walizidi 700,000. Wengi wao huishia Unguja, katika Mji Mkongwe, Nungwi na Paje, na Pemba hupata sehemu ndogo tu. Lakini hali hiyo haitadumu milele. Bahari ya magharibi ya Pemba imekuwa eneo la hifadhi tangu mwaka 2005, wapiga mbizi wa nchi za nje wanaijua, na mwaka 2021 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza kuvikodisha visiwa vidogo kadhaa kwa wawekezaji. Si ajabu, basi, kwamba vijana wa kila kisiwa sasa huota kuongoza wageni kwenye mikoko, kuwapikia pweza na kuwauzia ukili.

Ndipo swali linapokuja. Mgeni atakaposhuka Kisiwa Panza akauliza choo kiko wapi, nani atamjibu, na atamwonyesha nini? Na swali lililo zito zaidi ni hili: mwenyeji aliyekuwa akiuliza swali hilohilo miaka yote, amejibiwa nini?

Wako watu wanaodhani kwamba choo ni ustaarabu ulioletwa na wageni, na kwamba mtu wa pwani tangu asili alijisaidia vichakani na ufukweni. Dhana hiyo si ya kweli. Katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, nyumba za mawe zilizojengwa zaidi ya miaka 500 iliyopita zina vyoo vyake ndani. Waswahili wa miji ile walijua kuchimba shimo, kulijengea kwa mawe na chokaa, na kutenga mahali pa kujitohara kwa maji. Misikiti nayo, toka Lamu hadi Kilwa, ilikuwa na visima na mabirika. Msafiri aliyeteremka jahazini hakuwa na haja ya kubisha hodi nyumba ya mtu. Alielekea msikitini, akapata maji na mahali pa kujisitiri. Kwa karne nyingi msikiti ndio uliobeba mzigo wa choo cha umma katika pwani hii, na uliobeba gharama yake ni wakfu wa waumini.

Mpango huo ulikuwa mwema, lakini ulikuwa na mipaka. Kwa kawaida ulimfaa mwanamume zaidi ya mwanamke, na ulimfaa Mwislamu zaidi ya asiye Mwislamu. Pia ulitosha kwa wasafiri wachache wa jahazi, wala haukukusudiwa kubeba soko zima, diko zima na makundi ya watalii. Kwa hiyo kinachotakiwa leo si kuanzisha jambo geni. Ni kuendeleza jambo la kale mpaka limfikie kila mtu.

Hasara ya kulipuuza jambo hili inajulikana. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa janga la kipindupindu la miaka ya 1869 na 1870, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo, kikachapishwa mwaka 1876. Katika zama za karibu zaidi, mlipuko ulioandikwa Zanzibar mwaka 1978 ulianzia katika kijiji cha wavuvi: watu 411 waliugua na 51 wakafa. Milipuko mingine ikafuata, hata mwaka 2009 ikafanywa kampeni ya chanjo ya kunywa ya kipindupindu Unguja na Pemba. Miongoni mwa mahali palipochaguliwa ni Mwambe, katika wilaya hiyohiyo ya Mkoani. Hata hivyo mwaka 2015 na 2016 kipindupindu kilirudi. Chanjo humkinga mtu kwa muda, lakini haizuii kinyesi kisifike kisimani.

Mbali na kipindupindu, ambacho hupiga kelele, kuna maradhi yanayoua nguvu za watu kimyakimya. Uchunguzi uliofanywa katika skuli za Pemba miaka ya 1990 ulionyesha kwamba karibu kila mwanafunzi alikuwa na minyoo ya aina moja au zaidi. Mayai ya safura hutoka pamoja na kinyesi, huanguliwa katika udongo wenye unyevu, na vijidudu vyake hupenya katika nyayo za mtoto atembeaye peku. Kichocho nacho hutoka katika mkojo, hupitia kwa konokono wa maji matamu, kisha humrudia yule aogaye au afuaye katika maji hayo. Dawa zimegawiwa mara nyingi maskulini, na zimesaidia sana. Lakini mtoto anywaye dawa asubuhi, kisha jioni akakanyaga udongo uleule, ataambukizwa tena. Kutoa dawa pasipo kujenga choo ni kuteka maji kwa pakacha.

Ni nani hasa anayehitaji choo cha umma katika kisiwa kidogo? Jibu la haraka ni mgeni. Jibu hilo si sahihi.

Wa kwanza ni mwanamke wa pwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na tangu hapo wanawake wengi wa Unguja na Pemba hushinda ufukweni siku za bamvua, maji yakiwa yametoka, kwa saa nyingi mfululizo. Wengine huokota chaza na kombe. Nyumba zao ziko mbali, na haya huwazuia kufanya wafanyavyo wanaume. Mwanamke huyo hujizuia mpaka jua lichwe, au huacha kunywa maji tangu alfajiri, na mambo yote mawili huudhuru mwili wake. Wa pili ni msichana wa skuli aliyekwisha kubalehe, ambaye asipopata choo chenye mlango, maji na faragha, hukaa nyumbani siku kadhaa kila mwezi. Wa tatu ni mvuvi wa dago, anayepiga kambi katika kisiwa kisicho chake kwa siku kadhaa na kuondoka. Wa nne ni abiria anayengoja chombo dikoni, pengine mama mwenye mtoto mchanga, pengine mzee mwenye maradhi ya sukari. Mtalii ni wa tano. Naye ana nafuu, kwani akikosa choo atarudi hotelini kwake. Wale wanne hawana hoteli ya kurudi.

Kwa sababu hiyo hatari kubwa ya wakati ujao si kwamba vyoo havitajengwa kabisa. Hatari ni kwamba vitajengwa vya namna mbili. Kutakuwa na choo kizuri chenye vigae, chenye kufuli, ambacho ufunguo wake unakaa kwa mtu fulani mpaka boti ya wageni ionekane. Na kando yake kutakuwa na vichaka vya mikoko kwa ajili ya wananchi. Choo cha namna hiyo hakiwezi kuitwa cha umma, hata kama kibao kilicho mlangoni kinasema hivyo. Wala hakimlindi huyo mgeni mwenyewe, kwa sababu nzi hawajui kufuli, na maji ya chini ya ardhi hayajui mpaka kati ya kiwanja cha hoteli na kiwanja cha kijiji.

Kuna hoja inayotolewa mara kwa mara, nayo inastahili kujibiwa kwa adabu. Husemwa kwamba watu wajengewe kwanza vyoo majumbani, kisha ndipo vya umma vifikiriwe. Ni kweli kwamba choo cha nyumbani ndicho msingi. Lakini mtu haishi nyumbani tu. Mvuvi huwa dikoni, mwanafunzi huwa skuli, mkulima wa mwani huwa ufukweni, msafiri huwa njiani. Kijiji ambacho kila nyumba ina choo, lakini diko lake halina, bado kina mahali pamoja ambapo maradhi yanapandwa kila siku. Mambo haya mawili yapasa kwenda pamoja, kama ngalawa na matengo yake.

Hoja ya pili ni ya ufundi, na ni nzito zaidi. Visiwa vidogo vya pwani hii kwa kawaida havina mito. Maji matamu ni yale ya mvua yaliyozama ardhini, yakaelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi kuliko hayo. Tabaka hilo ni jembamba, na mara nyingi liko karibu na uso wa ardhi. Shimo refu, ambalo bara ni sifa ya choo kizuri, huku laweza kuwa mlango wa kutia uchafu moja kwa moja katika maji ya kunywa. Kanuni inayofuatwa na wataalamu ni kwamba kitako cha shimo kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 au zaidi, na choo kiwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi. Penye mwamba wa matumbawe wenye nyufa hata umbali huo hautoshi, kwa maana maji machafu hupita katika nyufa bila ya kuchujwa.

Basi choo cha kisiwani hapana budi kiinuliwe juu ya ardhi badala ya kuzamishwa. Kuna namna kadhaa zilizokwisha kujaribiwa. Ipo ile iliyobuniwa Zimbabwe katika miaka ya 1970, yenye bomba la hewa lililofunikwa kwa wavu: harufu hupanda bombani, na nzi waliomo shimoni hufuata mwanga wa juu wakanaswa wavuni. Shimo la choo hicho laweza kujengwa kama sanduku la matofali juu ya ardhi. Kipo pia choo kikavu chenye masanduku mawili, ambamo moja hutumika huku jingine likipumzika mpaka kilichomo kikauke na kuwa kama udongo. Choo hiki kiliwafaa wavuvi wa pwani ya Kerala, nchini India, ambako pia maji ya ardhini yako juu.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wachora ramani kutoka mbali hulisahau. Watu wa Pemba hujitohara kwa maji. Choo kikavu kilichobuniwa kwa ajili ya watumiaji wa karatasi kikiletwa Kisiwa Panza jinsi kilivyo, kitajaa maji wiki ya kwanza na kunuka wiki ya pili, kisha mwandishi wa ripoti atasema kwamba wananchi hawakuelimika. Kosa halitakuwa la wananchi. Huko Kerala mafundi walilitatua jambo hilo kwa kutenga njia tatu: tundu la kinyesi, njia ya mkojo, na mahali pa kustanji ambapo maji yake huelekezwa katika kitalu cha migomba. Fundi wa Pemba anaweza kuyafanya hayo, na mnazi hauhitaji kubembelezwa ili uyanywe maji hayo.

Vilevile, mwenye kupendekeza tangi kubwa la maji machafu hana budi kueleza litakapojaa litamwagwa wapi na nani. Gari la kunyonya uchafu haliwezi kupandishwa ngalawani. Tangi lisilo na mpango wa kumwagwa ni deni lililofukiwa ardhini, na watakaolilipa ni watoto.

Hoja ya tatu ni ya fedha, na hapo ndipo vyoo vingi vya umma vilipofia. Mara nyingi fedha za kujenga hupatikana. Zinazokosekana ni fedha za sabuni, za bawaba ya mlango, za ndoo iliyopasuka, na za mshahara wa mtu wa kufagia. Choo hufunguliwa kwa sherehe, hutumika mwaka mmoja, kisha hugeuka ghala la nyavu kuukuu.

Nchi nyingine zimelipambania jambo hili. Nchini India, Bindeshwar Pathak alianzisha shirika la Sulabh mwaka 1970, na tangu miaka hiyo ya 1970 likaendesha vyoo vya kulipia: wenye uwezo hulipa senti chache, na watoto, walemavu na maskini husamehewa. Katikati ya jiji la Nairobi, vyoo vya umma vilivyokuwa vimeoza vilikabidhiwa vikundi na waendeshaji mwanzoni mwa karne hii, vikawa safi kwa ada ndogo. Mifano hiyo inafundisha kwamba choo hudumu pale kinapokuwa na mwenyewe, mtu anayejulikana kwa jina na anayelipwa kwa kazi yake.

Lakini Kisiwa Panza si Nairobi. Mjini watu maelfu hupita kila siku na senti zao zikajaza kikapu. Kisiwani mvuvi aliyerudi na dema tupu hatalipa, ataelekea mikokoni. Kumtoza mwenyeji ni kumfukuza. Utaratibu unaoelekea kufaa ni kinyume cha huo: mwenyeji aingie bure, na gharama itoke kwa mgeni kwa njia isiyomkera. Kila kundi la wageni linaloletwa kisiwani na mtembezaji linaweza kulipa mchango mmoja wakati wa kushuka, kwa stakabadhi, katika mfuko wa shehia unaosomwa hesabu yake mbele ya wananchi. Mahali ambapo mchango hautoshi, Baraza la Mji la Mkoani liweke fungu la matunzo katika bajeti kila mwaka, kama linavyotakiwa kufanya kwa barabara. Nao wenye uwezo wanaotafuta sadaka ya kudumu wakumbushwe kwamba choo na kisima vyaweza kuwa wakfu bora sawa na jengo lolote.

Kwa kuwa wasomaji wa mazungumzo haya ni walimu na watumishi wa umma, yafaa wajibu wa kila mmoja utajwe waziwazi.

Mtumishi wa serikali, kabla ya kutia sahihi mchoro wowote wa diko, soko au skuli, hana budi kuuliza maswali manne: choo kiko wapi, maji yatatoka wapi, uchafu utakwenda wapi, na nani atalipwa kukitunza. Mchoro usiojibu maswali hayo urudishwe. Wanawake wa ufukweni waulizwe mahali panapowafaa, maana choo kilichowekwa mbele ya baraza la wanaume wachezao bao hakitatumiwa na mwanamke hata kikiwa cha marumaru. Nao wawekezaji waelezwe mapema kwamba choo cha diko ni sehemu ya gharama ya kukaribishwa.

Mwalimu ana kazi kubwa zaidi, kwani ndiye ajengaye mazoea. Tanzania Bara imeweka kiwango cha tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Kiwango hicho chafaa kuwa kipimo hata penye skuli za visiwani, na mwalimu mkuu asichoke kukitaja kila bajeti inapoandaliwa. Lakini lipo jambo ambalo halihitaji bajeti. Katika skuli nyingi kufagia choo ni adhabu ya mtoto mtundu. Desturi hiyo yapasa kukomeshwa. Mtoto aliyefundishwa kwamba choo ni mahali pa waliokosa, akiwa mkubwa atamdharau mfagiaji, atakichafua choo cha umma, na akiwa diwani atakifuta katika orodha. Usafi wa choo uwe zamu ya wote, kwa glavu na sabuni, pamoja na mwalimu wao.

Tanzania inao mfano wake yenyewe. Mwaka 1973 ilifanywa Bara kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu chepesi, wakajadiliana, kisha wakashika majembe, na vyoo vikachimbwa kwa maelfu. Nguvu ya kampeni ile haikuwa katika redio peke yake. Ilikuwa katika kile kikundi kidogo cha jirani kwa jirani, na katika mwalimu aliyekaa nacho. Kikundi kama hicho hakijapitwa na wakati, na Kisiwa Panza, ambacho watu wake walikwisha kushika miche ya mikoko kwa mikono yao, hakihitaji kufundishwa maana ya kujitolea. Kinahitaji fundi, saruji, na ahadi ya matunzo isiyovunjwa.

Wazee husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kipimo cha utalii wa kisiwa hiki kisiwe idadi ya boti zitakazotia nanga. Kipimo kiwe yule mama wa mwani, siku ya bamvua, jua likiwa utosini: je, akiinua macho kutoka kwenye kamba zake, ataona mlango ulio wazi wa kujisitiri, au atajizuia mpaka jua lichwe? Siku atakapouona mlango huo, mgeni naye atakuwa amekwisha kukaribishwa.